Historia: Rangi inayong'aa gizani ilipita pia Katanga

Katika miji mingi inayopokea watalii, kuna mchezo mmoja wa usiku ambao umeenea sana miaka hii. Wasafiri kumi ama ishirini, wengi wao hawafahamiani, wanalipa na kuingia katika chumba kimoja. Kila mtu anakuta kitambaa kilichonyooshwa juu ya fremu ya mbao, brashi tatu ama nne, vikopo vya rangi na glasi ya kinywaji: divai, bia, ama juisi kwa asiyekunywa pombe. Kisha taa za kawaida zinazimwa. Zinabaki taa za zambarau ambazo jicho linaziona kidogo tu, na papo hapo rangi zinawaka: kijani, chungwa, waridi, manjano makali. Kiongozi anasimama mbele na kuonyesha hatua kwa hatua, kwanza anga, kisha mwezi, kisha mti, na wengine wanamfuata huku wakichekana. Saa mbili zikipita kila mtu anatoka na picha yake kwapani na madoa yanayong'aa kwenye nguo. Hata meno yake yamekuwa yakimeremeta muda wote, kwa maana meno meupe nayo yanang'aa chini ya taa za namna hiyo.

Mchezo huo hauna ubaya. Lakini miaka mia moja na zaidi iliyopita, kulikuwa na wasichana wa Marekani waliokuwa wakishika brashi na rangi yenye kung'aa kuanzia asubuhi hadi jioni. Nao pia walicheka nayo. Walijipaka kwenye kucha, usoni na kwenye meno kabla ya kwenda kucheza dansi, ili wang'ae gizani mbele ya vijana wenzao. Rangi ile iliwaua wengi wao. Na kuanzia mwaka 1922, kitu kile kilichoifanya rangi hiyo ing'ae kilikuwa kinatoka, kwa sehemu kubwa ya soko la dunia, chini ya udongo wa Katanga, mahali panapoitwa Shinkolobwe, karibu na Likasi.

Mtu akitaja Shinkolobwe, wengi wanawaza mara moja bomu la Hiroshima, na ni haki. Ila kabla ya bomu kulikuwa na rangi. Sehemu hiyo ya historia haisimuliwi mara nyingi.

Fundi viatu wa Bologna

Hamu ya mwanadamu ya kupata mwanga bila moto ni ya zamani. Kunako mwanzo wa miaka ya 1600, huko Bologna nchini Italia, fundi viatu mmoja aliyeitwa Vincenzo Casciarolo alikuwa akitumia muda wake wa ziada kutafuta namna ya kutengeneza dhahabu. Aliokota mawe mazito kwenye mlima ulio karibu na mji, akayachoma pamoja na makaa. Dhahabu hakuipata. Lakini aliona kwamba jiwe lililochomwa, likianikwa juani kisha likaingizwa gizani, linang'aa lenyewe kwa muda. Wataalamu wa Ulaya walilizungumzia jiwe la Bologna kwa miaka mingi sana baadaye.

Mwaka 1669, Mjerumani Hennig Brand wa Hamburg, naye akitafuta dhahabu, alichemsha mkojo mwingi hadi akapata fosforasi, kitu kinachong'aa kikiguswa na hewa. Mwaka 1768 Mwingereza John Canton alichanganya maganda ya chaza na salfa, akayachoma, akapata unga unaong'aa. Ilipofika mwaka 1877, Mwingereza mwingine, William Balmain, alisajili rangi ya kweli ya kupaka iliyotokana na unga wa jinsi hiyo. Rangi yake ilikuwa na kasoro moja tu: ilichoka upesi. Ilikuwa kama mtungi uliojazwa mchana na kuvuja usiku. Ukiamka saa tisa za usiku kutazama saa yako, mtungi umekauka.

Kisha ikaja radiamu.

Mwaka 1896, mjini Paris, Henri Becquerel aligundua kwamba uraniamu inatoa miale isiyoonekana na jicho. Miaka miwili baadaye, yaani 1898, Marie Curie na bwana wake Pierre walitangaza kwamba ndani ya mawe ya uraniamu kuna kitu kingine chenye nguvu kuliko uraniamu yenyewe, wakakiita radiamu. Walikuwa wanatumia masalio ya mawe kutoka mgodi wa Joachimsthal, huko Bohemia. Radiamu haikuhitaji jua wala taa. Ilikuwa inatoa nguvu mchana na usiku bila kupumzika. Muda mfupi baada ya mwaka 1900, injinia Mmarekani William Hammer alichanganya chumvi kidogo ya radiamu na sulfidi ya zinki. Mchanganyiko huo uling'aa usiku kucha, na kesho yake, na mwaka uliofuata. Mtungi usiokauka ulikuwa umepatikana.

Watu wa wakati ule walishikwa na wazimu wa radiamu. Iliuzwa ndani ya maji ya kunywa, katika mafuta ya kupaka usoni, na katika dawa za kila aina. Neno lenyewe lilimaanisha afya. Hilo likumbukwe vizuri, kwa sababu wasichana watakaotajwa hapa chini hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaamini kile ambacho magazeti na hata madaktari walikuwa wanakisema.

Mdomo, rangi, saa

Vita vya kwanza vya dunia vilihitaji saa zinazosomeka gizani. Askari aliyelala ndani ya handaki hawezi kuwasha kiberiti ili ajue saa. Kampuni moja iliyoanzishwa na daktari Sabin von Sochocky na mwenzake, ambayo baadaye ilijulikana kama United States Radium Corporation, ilifungua kiwanda mjini Orange, jimbo la New Jersey. Rangi yao waliiita Undark. Viwanda vingine vilifunguliwa Waterbury katika jimbo la Connecticut, na kuanzia 1922 kampuni ya Radium Dial ilifanya kazi mjini Ottawa, jimbo la Illinois. Huu Ottawa siyo ule mji mkuu wa Kanada.

Kazi ilikuwa ya wasichana. Wengine walikuwa na miaka 14 ama 15, watoto wa wahamiaji na wa wafanyakazi, na kwao ilikuwa kazi ya bahati: safi, ya kukaa, na yenye malipo mazuri kuliko kiwandani kwingine. Walilipwa kwa kila uso wa saa uliomalizika, takriban senti moja na nusu. Msichana mwepesi alimaliza nyuso 250 kwa siku. Namba za saa ni ndogo sana na nywele za brashi zinatawanyika baada ya mistari michache. Kuziosha kwa maji kila mara kungepoteza muda na rangi, na rangi ilikuwa ghali. Basi walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Mdomoni, kwenye rangi, kwenye saa. Mdomoni tena. Mara mamia kwa siku, kwa miezi, kwa miaka.

Baadhi yao waliuliza kama ni hatari. Waliambiwa hapana. Na wakati huohuo wataalamu wa kampuni walioishika radiamu yenyewe katika maabara walikuwa wanajikinga kwa vizuizi vya risasi na kuishika kwa koleo. Hapo ndipo penye dhambi ya kisa hiki. Kutojua ni jambo moja. Kumkinga mkubwa na kumwacha mdogo ailambe ni jambo lingine kabisa.

Radiamu, ikiingia mwilini, mwili unaidhania kuwa kalisiamu, ile ile inayojenga mifupa. Unaipeleka moja kwa moja kwenye mifupa na kuihifadhi humo. Kutoka ndani inaendelea kupiga miale yake. Ya kwanza kuharibika yalikuwa meno, kisha taya. Mollie Maggia, aliyefanya kazi Orange, alianza na jino lililouma mwaka 1922. Daktari wa meno aling'oa moja, kisha jingine, lakini vidonda havikupona. Mwishoni daktari alipomgusa taya, ilivunjika mkononi mwake. Alifariki mwezi wa tisa mwaka uleule, akiwa na miaka 24. Cheti cha kifo kiliandika kaswende. Familia yake ilibeba aibu hiyo miaka mitano, hadi kaburi lilipofukuliwa mwaka 1927. Mifupa ilikutwa imejaa radiamu, na hakuna dalili ya kaswende.

Wengine walifuata: miguu iliyofupika, mgongo uliovunjika wenyewe, damu iliyopungua, uvimbe wa saratani. Mwaka 1925 daktari Harrison Martland, mkuu wa uchunguzi wa vifo katika eneo la Essex, New Jersey, alithibitisha kwamba ni radiamu iliyomo mwilini mwao. Kampuni ilikuwa tayari na ripoti ya wataalamu wa Harvard iliyosema kitu kilekile, na haikutaka itoke. Grace Fryer, aliyekuwa mmoja wa wachoraji, alitafuta wakili kwa miaka miwili kabla ya kumpata Raymond Berry, kijana aliyekubali kusimama upande wao mwaka 1927. Watano walishtaki: Grace Fryer, Katherine Schaub, Edna Hussman, na dada wawili wa marehemu Mollie, yaani Quinta McDonald na Albina Larice. Kwenye mahakama mwanzoni mwa 1928, baadhi yao hawakuweza kunyoosha mkono wapate kuapa. Kampuni ilitegemea sheria iliyosema mfanyakazi ana miaka miwili tu ya kulalamika, wakati ugonjwa wenyewe unachukua miaka mitano kuonekana. Mwezi wa sita 1928 waliafikiana nje ya hukumu: dola 10,000 kwa kila mmoja, dola 600 kila mwaka maisha yake yote, na gharama za hospitali. Malipo ya kila mwaka hayakuidumia kampuni muda mrefu, kwani wenye kulipwa hawakuishi. Von Sochocky mwenyewe, aliyeitengeneza rangi, alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo, damu yake ikiwa imeharibika.

Huko Ottawa, Illinois, mapambano yalichelewa zaidi. Catherine Wolfe Donohue alitoa ushuhuda mwaka 1938 akiwa amelazwa kwenye kiti kirefu nyumbani kwake, maana hakuweza tena kubebwa hadi kwenye ofisi ya tume. Alishinda. Kampuni ilikata rufaa, na yeye alifariki mwezi wa saba mwaka huo. Rufaa hizo zilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1939 ilikataa kuzisikiliza, na hivyo ushindi wake ukabaki.

Jiwe lilitoka wapi

Sasa turudi kwenye udongo wa nyumbani, maana radiamu haikushuka kutoka mbinguni.

Ili kupata gramu moja ya radiamu inahitajika kiasi cha tani 3 za uraniamu. Wamarekani walikuwa wanaitoa katika mawe ya manjano ya Colorado, ambayo ni maskini sana. Mamia ya tani za jiwe yalitoa gramu moja tu. Ndiyo sababu mwaka 1921, wanawake wa Marekani walipochanga pesa wampe Marie Curie zawadi ya gramu moja, iliwabidi kukusanya dola 100,000.

Mwaka 1915, Mwingereza Robert Sharp, mtafuta madini wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, alikuwa ameona mawe mazito yenye rangi kali kwenye kilima cha Shinkolobwe, kusini-magharibi mwa mji ambao leo ni Likasi na ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Vita vilizuia kazi, lakini mwaka 1921 uchimbaji ulianza. Hakuna aliyewahi kuona uraniamu nyingi namna ile mahali pamoja. Sehemu nyingine za mawe hayo zilikuwa na zaidi ya nusu yake uraniamu tupu. Mawe yalifungwa, yakasafirishwa kwa treni hadi baharini, kwa meli hadi Antwerp, na kutoka hapo hadi Olen nchini Ubelgiji, ambako kiwanda kilijengwa maalumu. Radiamu ya kwanza ya Olen ilipatikana mwaka 1922. Bei ikaangushwa hadi dola 70,000 kwa gramu, na migodi ya Colorado ikafunga mmoja baada ya mwingine. Kwa karibu miaka kumi, hadi Wakanada walipoanza kuchimba karibu na ziwa Great Bear na kuleta radiamu yao sokoni katika miaka ya 1930, Wabelgiji walikuwa na soko la dunia mkononi, na mkono huo ulikuwa umejaa mawe ya Katanga.

Hesabu ya miaka iko wazi. Mollie Maggia na wenzake wa Orange wa kipindi cha vita walilamba radiamu ya Colorado, kwa maana Olen ilikuwa bado. Lakini rangi ya saa ya miaka ya 1920 iliyofuata, Marekani na Ulaya, ilikuwa katika soko lililotawaliwa na jiwe la Shinkolobwe. Mwaka 1929 Marie Curie alipopewa tena pesa na Wamarekani, safari hii dola 50,000 kwa ajili ya hospitali ya Warsaw, radiamu ilinunuliwa Ubelgiji.

Kuna jambo moja ambalo watu wa rangi na picha wangelipenda. Jiwe la Shinkolobwe lenyewe lilikuwa kama sanduku la mchoraji. Uraniamu ikikutana na maji na hewa kwa muda mrefu inageuka kuwa fuwele za manjano, chungwa na kijani. Mprofesa Alfred Schoep wa Ubelgiji, akichunguza mawe hayo katika miaka ya 1920, alipata madini mapya moja baada ya jingine na kuyapa majina: curite kwa heshima ya Curie, becquerelite kwa Becquerel, sklodowskite kwa jina la usichana la Marie Curie. Moja liliitwa kasolite, kutokana na Kasolo, jina jingine la eneo hilohilo la mgodi. Hivyo wataalamu wa Ulaya wamo katika orodha ya madini ya dunia, na kilima kimo. Mchimbaji Mkongomani aliyeyatoa mawe hayo ardhini kwa mikono yake hayumo.

Wale wachimbaji walikuwa wa kambi za Union Minière, wengi wameletwa kutoka mbali kwa mikataba. Waliyachimba mawe, waliyachagua, waliyabeba. Kile kilichowaua wasichana wa New Jersey ndicho kilichokuwa katika vumbi walilovuta, ingawa wao hawakuwa na saa za kuchora wala meno ya kung'arisha kwa ajili ya dansi. Grace Fryer alipata wakili baada ya miaka miwili. Katika Kongo ya Wabelgiji, mchimbaji mweusi wa miaka ya 1920 hakuwa hata na chama cha wafanyakazi cha kumpeleka kwa wakili.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma kiasi cha tani 1,200 za mawe hayo New York, yakahifadhiwa kwenye kisiwa cha Staten Island. Mwezi wa tisa 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, na tarehe 6 mwezi wa nane 1945 Hiroshima iliungua. Wanasayansi waliotengeneza bomu hilo walijua jinsi ya kujikinga kwa sehemu kubwa kutokana na wachoraji wa saa. Mwaka 1941 kiwango cha kwanza cha radiamu inayoweza kuvumiliwa mwilini kiliwekwa, nacho kilihesabiwa kutokana na miili ya wasichana wale.

Taa ya zambarau

Rangi wanayotumia wasafiri wa leo haina radiamu kabisa. Ilitokana na ajali ya kijana mmoja wa California. Kunako mwaka 1933, Bob Switzer, mwanafunzi, alianguka akiwa kazini na kuumia kichwa vibaya. Macho yake yalidhoofika, na daktari akamwagiza akae katika chumba chenye giza. Ndugu yake Joe alikuwa anapenda mchezo wa mazingaombwe. Wakiwa wawili gizani walichukua taa ya miale ya zambarau isiyoonekana, wakaingia katika duka la dawa la baba yao na kumulika chupa kwenye rafu. Baadhi ziliwaka. Walichanganya vitu hivyo na vanishi, wakapata rangi, kwanza kwa ajili ya mazingaombwe ya Joe na mabango ya sinema, kisha wakahamia Cleveland na kufungua kampuni iliyokuja kuitwa Day-Glo. Wakati wa vita vya pili, vitambaa vya rangi hizo vilitandazwa chini Afrika Kaskazini ili marubani wa Marekani wawatambue wenzao wasiwapige. Makoti ya chungwa na manjano ya polisi wa barabarani na ya wafanyakazi wa misaada, ambayo kila mkaaji wa kambi anayajua, ni wajukuu wa chupa zile.

Rangi ya namna hiyo haihifadhi chochote. Inapokea miale ambayo jicho halioni na kuirudisha papo hapo katika rangi inayoonekana, kama mtoto anayerudisha mpira pale pale alipotupiwa. Zima taa, na mchezo umekwisha. Ile nyingine, inayoendelea kung'aa baada ya taa kuzimwa, ni ukoo wa jiwe la Bologna. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kijapani Nemoto, ambayo zamani ilikuwa ya rangi za saa, ilitengeneza unga wa aluminati ya stronti unaong'aa saa nyingi sana bila radiamu. Ndio huo ulio kwenye alama za milango ya kutokea, kwenye saa mpya, na kwenye nyota za plastiki ambazo watoto wanabandika ukutani.

Na desturi ya kuchora pamoja huku glasi iko mezani, nayo ina kisa kinachowagusa waliohama. Mchezo huo ulianza kushika mizizi kusini mwa Marekani. Kulikuwa na studio ya aina hiyo Birmingham, jimbo la Alabama, tangu mwaka 2002. Kisha tarehe 29 mwezi wa nane 2005 kimbunga Katrina kiliingia Louisiana. Kuta za kuzuia maji zilivunjika, asilimia 80 ya mji wa New Orleans ikafunikwa, na watu zaidi ya milioni walilazimika kuhama kutoka pwani hiyo. Mwaka 2007, akina mama wawili wa Mandeville, ng'ambo ya ziwa kutoka New Orleans, walifungua chumba ambamo watu wangekuja kupaka rangi na kunywa glasi, wapumue kidogo baada ya miaka miwili ya kuhesabu hasara. Chumba hicho kilizaa mamia ya vingine kote Marekani, baadaye na vile vya gizani vyenye taa za zambarau, na wasafiri wakaibeba desturi hiyo hadi nchi nyingine.

Ila haifai kupamba habari. Waliorudi mapema ni waliokuwa na bima na nyumba ya kurudia. Katika mtaa wa Lower Ninth Ward, wa watu weusi wenye kipato kidogo, viwanja vingi vilibaki vichaka miaka mingi baada ya hapo. Usiku mmoja wa kupaka rangi haumrudishii mtu paa. Ila mtu aliyekaa miezi akijaza fomu za msaada anaweza kuelewa kwa nini saa mbili za kutofikiri lolote isipokuwa mwezi na mti zilikuwa na thamani kwao.

Saa za zamani bado zipo

Saa za mkono za jeshi, za kabla ya miaka ya 1960, na vipimo vya magari na ndege za zamani, bado vinazunguka katika masoko. Namba zake zimekuwa za kahawia na hazing'ai tena, na mwenye nazo anadhani rangi imekufa. Siyo hivyo. Kilichokufa ni unga wa zinki, uliochoshwa na kupigwa na miale. Radiamu yenyewe inahitaji miaka 1,600 ili nusu yake tu ipungue. Ikiwa imefungwa nyuma ya kioo chake, hatari ni ndogo. Ubaya unaanza mtu akiifungua, akiikwaruza, ama akiwaachia watoto waichezee, kwa sababu vumbi lake likivutwa ama kumezwa linakwenda palepale lilipokwenda kwa Mollie Maggia. Fundi wa saa asiifungue kwa meno, wala asipulize vumbi lake.

Hali ni hiyohiyo kwa mawe mazito ya rangi ya manjano, chungwa ama kijani yanayouzwa kwa siri kama kitu cha thamani. Mtu akiletewa jiwe la namna hiyo, asiliweke chini ya kitanda.

Shinkolobwe ilifungwa na Wabelgiji kabla ya uhuru wa mwaka 1960, na mashimo yake yakazibwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wa mikono walirudi juu yake kwa maelfu, siyo kwa ajili ya uraniamu bali ya kobalti. Mwezi wa kwanza 2004 amri ya Rais ilikataza uchimbaji wowote mahali hapo. Mwezi wa saba shimo liliporomoka na kuua watu. Kijiji kilichokuwa kimeota kando ya mgodi kilibomolewa na wakaaji wake wakaondoshwa, na baadaye mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja kupima miale na uthabiti wa mashimo.

Huko Ottawa, Illinois, mwaka 2011 iliwekwa sanamu ya shaba ya msichana aliyesimama na brashi mkononi. Wazo lilikuwa la mwanafunzi mmoja wa shule aliyekuwa amesoma habari za wachoraji hao na kushangaa kwamba mji haukuwa na kitu cha kuwakumbuka. Sanamu hiyo haing'ai usiku.